Acheni kuwauzia watu waya wa umeme wa laki mbili eti unasafisha sauti

Wakuu, hii tabia imezidi hapa Mbeya, na Iringa ni yale yale. Mteja anakuja analalamika sabufa inaunguruma. Badala ya kuulizwa ameunganisha nini na nini, anabebeshwa waya mnene uliosukwa nailoni, laki mbili na zaidi, eti "unafungua besi". Huo ni wizi.

Pigeni hesabu. Waya wa kawaida wa shaba wa milimita za mraba 0.75, mita moja na nusu, kwenda na kurudi una ukinzani wa omu 0.08 hivi. Amplifaya ikivuta ampea 2, volti inayopotea ni 0.16 kati ya 230. Hapo umeme umeshapita alumini ya nguzoni na 2.5 ya ukutani, na ndani unapita tena transfoma, diodi na kapasita. Kile kipande cha mwisho kinasafisha nini?

Muungurumo mara nyingi unatokana na ethi mbili (njia za umeme kwenda ardhini). Sabufa ina ethi ya plagi, king'amuzi kinapata nyingine kupitia dishi lililofungwa kwenye bomba la chuma. Muungurumo ukiwa unasikika, chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Muungurumo ukikoma, mchawi ndiye huyo. Chomeka vyombo vyote kwenye ekstensheni moja. Usipoisha, toa sauti kwenye TV kwa waya wa mwanga (optical), au weka kitransfoma cha kutenganisha kwenye waya wa sauti. Usikiweke kwenye waya wa dishi, unapeleka volti 13 au 18 kule juu, picha itapotea.

Kama umechomoa kila kitu, umebakiza umeme na spika tu, na bado inaunguruma vilevile hata ukipunguza sauti, fungua uangalie kapasita kubwa. Zikiwa zimevimba kichwani, badilisha.

Kinachoniudhi zaidi ni wanaokata pini ya ethi. Kelele inaisha kweli, na mteja anafurahi. Ila waya wa moto ukigusa bodi ya chuma, fyuzi haikatiki, bodi inabaki na umeme ikimsubiri mtoto aishike. Fundi anayefanya hivyo asipewe kazi.

Waya unaofaa kutupwa upo: kwaruza kwa wembe, ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Plagi ikichemka au ikicheza kwenye soketi, tupa pia. Wa shaba halisi wa bei ya kawaida unatosha kabisa.

Jioni pima soketi kwa multimita muziki ukiwa juu. Ikisoma volti 190, tafuta stebilaiza. Hela ikibaki, nunua waya wa spika: mita kumi za 0.5 zina omu 0.8 hivi, na kwa spika ya omu 4 karibu sehemu moja ya sita ya nguvu inaishia njiani. Weka 2.5.

Wengine wanadiriki kusema waya wao unakinga radi! Kwa mvua zetu za Novemba hadi Aprili? Chomoa plagi na waya wa dishi, vyote viwili, kabla haijaanza kupiga.

Muuzaji anayebisha abadilishe nyaya mara kumi mteja akiwa amegeukia ukutani, kisha mteja ataje upi ni upi kwa kusikia tu. Akishindwa, rudisheni hela za watu.