Vitamini D imeniondolea maumivu ya mifupa ila moyo bado mzito, niongeze dozi?

MwanaTanga_Leeds
Habari zenu wadau, naombeni ushauri na mnivumilie maana nitaandika kirefu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nipo Leeds huku Uingereza mwaka wa pili sasa, nahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee na shifti zangu karibu zote ni za usiku. Watoto wapo Tanga kwa mama yangu. Tangu mwezi wa 10 waliporudisha saa nyuma sijielewi kabisa. Natoka kazini saa mbili asubuhi ndo kwanza kunapambazuka, nafika nyumbani nafunga pazia nalala, nikiamka saa tisa jioni jua ndo linazama, kuna wiki nzima imepita sijaliona jua, na hata ningeliona nimejifunika hijabu, jaketi na glavu.

Kilichonipeleka kwa daktari sio mawazo, ni miguu. Nikiinama kumgeuza mgonjwa nyonga zinauma, nikipanda ngazi mapaja yanagoma, nikibonyeza ugoko kwa kidole gumba naumia kama nimepigwa rungu. Wakapima damu, vitamini D ikasoma 19. Nikaandikiwa vidonge vya yuniti 20,000, viwili kwa wiki, wiki 7. Nimemaliza juzi na miguu alhamdulillah, ngazi napanda mwenyewe bila kushika chuma.

Tatizo moyo. Nilisoma mtandaoni kwamba vitamini D ikishuka na furaha inashuka, nikajua ikipanda na mimi nitapanda nayo. Wapi. Juzi mama kanipigia simu ya video anaanika makopa uani, watoto wanakimbizana juani, mdogo ana vumbi mpaka kwenye kope, nikakata simu nikasingizia mtandao, nikalia hadi basi la kazini likanipita. Chakula sina hamu nacho, simu za ndugu sipokei, naswali lakini ni mwili tu unaoinama. Sasa kuna mwenzangu kazini ana kopo la yuniti 10,000, anasema nimeze moja kila siku eti dozi za madaktari wa huku ni ndogo kwa ngozi zetu. Nimeze? Na kuna yeyote hizi dawa zimembadilisha hali ya moyo? Kumwambia daktari habari za kulia naogopa, viza yangu imeshikwa na mwajiri, nahofia wakijua nina shida ya akili itakuwaje.

Boksi_Glasgow
Dada usimeze hilo kopo nakuomba sana. Binamu yangu aliandikiwa za yuniti 50,000 ameze moja kwa wiki, yeye akasoma vibaya akawa anameza kila siku kwa miezi kama mitatu. Alianza kiu, anakunywa maji lita na lita, anaenda chooni usiku mara tano, halafu kutapika, akawa anaongea vitu havieleweki tukadhani amerogwa. Kumbe kalsiamu imejaa kwenye damu, kalazwa siku tisa na figo hadi leo anafuatiliwa. Hii vitamini haitoki kwa mkojo kama vitamini C, inakaa kwenye mafuta ya mwili inajilimbikiza.

SistaWaWodi
Pole sana mdogo wangu. Mimi ni nesi, wodini nina miaka 11, naomba nikujibu kwa kituo maana hapo umechanganya mambo mawili na wengi wanayachanganya.

La kwanza ni dozi. Hiyo 19 ni nanomoli kwa lita, na chini ya 30 ni upungufu wa kweli kwa hiyo maumivu yako ya mifupa na misuli hukuyaota. Ulichopewa ni dozi ya kujaza, vidonge 14 kwa jumla. Ukishamaliza unahamia ya kila siku, mara nyingi kati ya yuniti 800 na 2,000, na mtu mzima asivuke 4,000 kwa siku bila daktari kumsimamia. Kwenye makopo mengine wanaandika kwa mikrogramu, ukiona 25 ujue ndo yuniti 1,000. Meza na chakula chenye mafuta kidogo, sio na chai ya rangi tupu. Mwenzako kuhusu ngozi ana nusu ya ukweli, ngozi nyeusi inahitaji jua refu zaidi kutengeneza vitamini hii na ndo maana hapa Uingereza watu wa asili ya Afrika tunashauriwa tufikirie yuniti 400 mwaka mzima wakati wengine wanaambiwa miezi ya vuli na baridi tu. Ila hiyo ni sababu ya kumeza mfululizo, sio ya kumeza elfu kumi. Halafu muulize daktari lini upimwe kalsiamu, kwa kawaida ni kama mwezi mmoja baada ya dozi ya kujaza.

La pili ni moyo. Watu wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, wengi wanakutwa na vitamini D ndogo, hilo kweli, lakini mtu mwenye sonona anajifungia ndani, hali vizuri, hatoki juani, sasa kipi kimeleta kipi? Marekani walifuatilia watu zaidi ya 18,000 wa miaka 50 kwenda juu, nusu yao wakapewa yuniti 2,000 kila siku, nusu nyingine kidonge kisicho na dawa ndani, miaka mitano hivi, matokeo yakatoka 2020: kwenye kupata sonona hakukuwa na tofauti ya maana. Wengi wao hawakuwa na upungufu kama wako kwa hiyo siwezi kukwambia haikusaidii chochote, mtu akiacha kuumwa mifupa na usingizi unatulia na moyo unapata nafuu. Ila wewe umeshajaza na moyo haujasogea. Kuongeza vidonge hapo ni kugonga mlango usio na mtu.

Mzee_wa_Pangani
Binti, rudisha moyo kwa Mungu, soma adhkari asubuhi na jioni. Na ikikushinda rudi nyumbani, pesa zinatafutwa hata huku.

BintiMaskati
Mzee shikamoo, dua ni kweli ila na dawa zipo. Dada'angu mie nipo Maskati, jua la huku kiangazi linachoma mpaka chuma cha mlango hukishiki, na bado nilipimwa vitamini D ikawa chini kuliko yako! Wanawake wa huku tele tuko hivyo hivyo, tunatoka nyumba yenye eisii tunaingia gari yenye eisii, tumejifunika, na jua la kupitia kwenye kioo halitengenezi chochote. Mie nilimeza nikapona uchovu, mwili ukawa mwepesi, na kusema kweli hata hasira za ovyo kwa watoto zilipungua. Lakini sikuwa na huzuni ya kulia kama yako wala sikuwa mbali na wanangu. Hiyo yako mie naona ina jina jengine.

Mkenya_Minnesota
Pole sana dada. Mimi niko Minneapolis mwaka wa saba, winta ya kwanza na ya pili nilikuwa hivyo hivyo, nalala masaa kumi na nne na naamka nimechoka, kazi naenda kama maiti. Nikaanza vitamini D yuniti 2,000, nikamaliza kopo mbili, mudi ikabaki pale pale. Daktari ndo alinieleza kitu sikuwa najua, kwamba jua linaingia mwilini kwa njia mbili. Kwa ngozi linatengeneza vitamini. Kwa macho linaambia ubongo saa hii ni asubuhi amka, saa hii ni usiku lala. Sasa mimi nilikuwa nimejaza ile ya ngozi na ile ya macho iko zero. Kuna ugonjwa wa huzuni inayokuja na msimu, madaktari wameuandikia tangu 1984, na wanatumia taa maalum ya lux 10,000 (lux ni kipimo cha mwanga), unakaa mbele yake dakika thelathini ukiamka, uso umeelekea kwa taa lakini huikodolei macho. Hiyo taa haina vitamini D hata kidogo, inafanya kazi kwa macho tu. Kwangu wiki ya pili nilianza kusikia njaa ya chakula tena. Lakini wewe wa naiti uliza daktari kwanza uiwashe saa ngapi, ukikosea saa utajiharibia usingizi.

SistaWaWodi
Asante kaka, na hilo la naiti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Wamasai na Wahadzabe wa kwetu Tanzania waliwahi kupimwa vitamini D, wastani ukawa nanomoli 115, watu wanaoshinda nje kutwa. Mwili wa dada yetu umetoka kwenye jua hilo ukaja kukaa nyuma ya pazia jeusi. Mdogo wangu omba pia wapime wekundu wa damu, vitamini B12 na tezi ya shingo, zote zinaleta uchovu na uzito wa moyo.

Kuhusu viza, daktari wako hampigii mwajiri simu kumwambia unaumwa nini, ni siri yako na yeye. Na kwa England kuna huduma ya mazungumzo ya NHS, yaani hospitali za serikali, unajiandikisha mwenyewe mtandaoni bila kupitia kwa daktari, ukitaka mkalimani unaomba. Sasa nikuulize kama dada yako, na ujibu ukiwa tayari: umewahi kutamani usiamke? Kama ndio usisubiri miadi. Samaritans, watu wa kumsikiliza aliyelemewa, ni 116 123, bure, usiku kucha wapo, na mimi inboksi yangu iko wazi.

MwanaTanga_Leeds
Nimesoma zote, nimesoma na nimelia lakini kilio cha leo kilikuwa cha namna nyingine. Sista, ndio, mara mbili. Nimepiga ile namba jana saa tisa usiku wakati wa mapumziko, nimekaa kwenye stoo ya mashuka, Kiingereza kikanipotea kabisa, yule mama akasema tulia sina haraka.

Leo nimepata miadi Alhamisi saa nne, nimeandika kwenye karatasi mifupa upande mmoja na moyo upande wa pili ili nisije nikaishia kwenye miguu tu. Kopo nimelirudisha kwa mwenyewe, hakufurahi. Nimenunua ya yuniti 1,000, nameza na maharage ya nazi. Mzee wa Pangani shikamoo, adhkari sijaziacha. Mkenya, hiyo taa uliweka mezani au ukutani, na ulikuwa unafanya nini hizo dakika thelathini?

Mkenya_Minnesota
Mezani, pembeni kidogo ya sahani, umbali kama wa mkono. Nilikuwa nakunywa chai na kupigia mamangu.