Mrejesho: viatu vya kwanza vya binti yangu

Miezi miwili iliyopita niliomba ushauri kuhusu viatu vya binti yangu wa miezi 13, ambaye wakati huo ndiyo kwanza alikuwa anaachia ukuta na kupiga hatua mbili tatu. Nawashukuru nyote mliojibu, hasa aliyesisitiza kwamba ndani ya nyumba mtoto aachwe pekupeku, kwa sababu vidole vinapogusa sakafu humsaidia kujisawazisha. Nilianza siku hiyo hiyo, na baada ya wiki 3 alikuwa akivuka chumba bila kushikwa.

Kwa matembezi ya nje nilichagua kiatu chepesi chenye mbele pana, mkanda wa kunata, na soli inayokunjika kwa urahisi penye vidole. Nilimpima miguu yote miwili akiwa amesimama, nikafuata ule mkubwa na kuacha takriban sentimita 1 mbele ya kidole kirefu.

Hata hivyo, hayo niliyafanya kwa jozi ya pili. Ile ya kwanza niliinunua kubwa ili idumu, ingawa mlinionya, naye akawa anajikwaa huku kisigino kikichomoka. Iliniuma kumwona akianguka kwa kosa langu. Hata jozi hii mpya aliikataa kwa kilio siku za mwanzo, hadi nilipoanza kumvisha kwa dakika chache tu kila siku. Sasa anatembea navyo vizuri, ila kwenye mteremko bado anataka mkono wangu. Nafasi ya vidole nitaikagua kila mwezi.