Mjadala: Je, utamaduni wa kwetu utumike kufundisha msamiati wa Kiingereza shule za msingi?

Mwalimu wa Tukuyu: Ndugu zangu, mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umerudisha Kiingereza darasa la kwanza, baada ya ule wa 2015 kukisogeza hadi la tatu. Kwa maoni yangu, msamiati wa mwanzo utoke nyumbani kwa mtoto: ndizi zinavyomenywa, ngoma zinavyochezwa, ulanzi, ile pombe ya mwanzi, unavyogemwa kule Iringa. Kumkaririsha tufaa ambalo hajapata kuliona ni kumchosha bure.

Mzawa wa Makete: Kabla hatujaendelea, mwalimu atuombe radhi. Matufaa tunayalima Makete na Njombe, na watoto wetu wanayachuma wenyewe. Nyanda za Juu Kusini haziishii Tukuyu.

Mzazi wa Uyole: Mimi nimekwama kwenye ulanzi. Shule itakayomfundisha mtoto wa miaka sita mambo ya kilabuni haitampata mwanangu. Heri nimpeleke shule binafsi, ada inibane.

Mhehe wa Kalenga: Mzazi, usitutukane. Wakati wa mvua mwanzi mchanga hukatwa ncha, ukafungiwa mbeta ya kukingia, kisha mgemaji hurudi asubuhi na jioni kuukata tena kidogo. Unaotoka hapo ni mtamu, na ukali huja baadaye ukishachacha. Kukata, kufunga, kudondoka, kujaa: hayo yote mtoto anaweza kuyaigiza kwa mikono huku akiyataja kwa Kiingereza, jambo ambalo picha ya kitabuni haimpi.

Mwalimu mstaafu, Mbeya Mjini: Mnagombania pombe na matunda, swali mmeliacha. Darasani kwangu walikaa Wanyakyusa, Wasafwa, Wandali, pamoja na watoto wa wafanyakazi wa reli ya TAZARA waliotoka kila mkoa. Utamaduni wa nani ufundishwe? Zaidi ya hapo, mwalimu ambaye Kiingereza chenyewe kinampiga chenga atausimulia ugemaji huo kwa Kiswahili kipindi kizima, watoto watafurahi sana, na kengele ikilia watatoka na maneno mawili.

Mhehe wa Kalenga: Mzee wangu, shikamoo. Mwalimu wa namna hiyo atapigwa chenga hata ukimpa kitabu kilichochapwa London, kwa hiyo kasoro hiyo usiubebeshe ulanzi. Ila mzazi wa Uyole hajanijibu: na togwa je, nayo anaikataza?