Mzazi anaumwa, nywele za mtoto nani anashughulika nazo? Tupeane uzoefu

Wakuu naanza mimi. Wife alipoanza kemo (dawa za kansa) tulishaambiwa nywele zitaanza kudondoka wiki ya 2 au ya 3, na kweli. Kilichotushinda ni vidole. Kuna dawa zingine zinatia ganzi vidole, kufunga kifungo tu shida, sembuse kumsuka binti wa miaka 7. Na huyu mtoto bila mistari yake hajioni ni yeye, Jumapili anakaa katikati ya magoti ya mama ake wanapiga umbea wao. Nikasema basi nimnyoe turahisishe mambo, alilia mpaka nikaona aibu. Ikabidi nijifunze, mama ake kalala kwenye kochi ananiongoza "hapo umevuta sana, rudia". Siku ya kwanza nilichoweza ni msuko wa twende kilioni, mtoto akauliza baba kwa nini inaitwa hivyo, nikajifanya nimepoteza chanuo. Nyie mlifanyaje?

Bintimkubwa: Pole mkuu. Mi ndo nilikuwa mtoto. Mama alivyobaki kipara nikataka ninyoe tufanane, nikidhani atafurahi. Akakataa katakata, akasema kipara kimoja ndani ya nyumba kinatosha. Nikanuna wiki nzima. Ila kila jioni alikuwa ananipaka mafuta kichwani taratibuu hata kama nimejipaka tayari.

MamaDume: Wangu wa kiume, miaka 12. Baba ake ndo alikuwa kinyozi wake toka mdogo, figo zilipogoma akawa anasafishwa damu mara 3 kwa wiki, masaa 4 kila mara, akirudi hoi. Dogo akakataa kinyozi mwingine yeyote. Miezi 5! Shule wakaniita, nikawaeleza, wakasema sheria ni sheria (hapo nilichukia sana). Baba mtu kusikia akaomba mashine, kamnyoa kakaa kitandani, anapumzika, anaendelea. Panki ikatoka upande. Nikasema twende ikarekebishwe, dogo akavaa kofia akaenda zake kucheza.

Asanteni wakuu. Wife kamaliza dozi, nywele zinachipua, sahivi laini kama za kichanga. Nilimwambia binti zinakua kama sentimita 1 kwa mwezi, sasa kachukua rula ya shule anampima mama ake kila Jumapili, anasema zikifika 5 anamsuka yeye.