Naomba ushauri: mtu akisema "wananchi wameshaamua", anajibiwaje?

Wadau, habari. Jumamosi nasimamia mdahalo wa wanafunzi kuhusu kura ya maoni ya Uswisi ya Novemba 29, 2009, iliyopiga marufuku ujenzi wa minara ya misikiti. Kwenye mazoezi, kijana mmoja alisimama na hoja moja tu: asilimia 57.5 walikubali, anayepinga anawadharau wananchi. Makofi! Binti mwenye hijabu wa upande wa pili akakunja karatasi yake, akakaa. Nami nikaduwaa. Sitaki kuwa refa mwenye timu, ila ukimya ule sitaki urudi. Nifanyeje?

Kalamu7: Mkuu, muulize hao wananchi ni akina nani. Janja ya populisti iko hapo: anajinadi kuwa msemaji wa wote, kisha anawatoa Waislamu kwenye hesabu kimyakimya. Binti naye si mwananchi? Na mkumbushe kwamba wakati ule Uswisi nzima ilikuwa na minara minne, na haikuwa ikitoa adhana.

BiSwali: Waonyeshe bango la kampeni. Minara myeusi imechomoza juu ya bendera kama makombora, pembeni mwanamke aliyefunikwa, yanaonekana macho tu. Basel na Lausanne walilipiga marufuku mitaani (kosa, kwa maoni yangu; bango likazidi kusemwa). Waache walitazame dakika nzima, kisha uliza: hoja ya ujenzi iko wapi hapa?

Mbishi_Mstaarabu: Taratibu jamani. Wapo waliopiga ndiyo kwa wasiwasi wao tu. Ukiwaita wote wabaguzi, umempa populisti mtaji.

Kalamu7: Hapo sibishi. Ila Geneva, wenye mnara wao, walikataa.

Mbishi_Mstaarabu: Na jimbo la Zürich, lenye minara pia, likakubali. Usichague mfano unaokupendeza.

BiSwali: Haya, hiyo nayo ipelekwe ukumbini. Mkuu, binti usimgeuze msemaji wa Waislamu wote. Muulize pembeni anataka kuzungumzia nini.

Mleta uzi: Nimempigia. Karatasi aliyoikunja haikuwa na neno la dini. Alikuwa ameandika juu ya kibali cha mnara wa Wangen bei Olten, hukohuko Uswisi, kabla ya kura ile: majirani walipinga, kesi ikafika mahakama ya juu ya nchi, mnara ukaruhusiwa. Anauliza kama atapewa dakika tano badala ya tatu.