Kigoga kwenye paa la vigae: nioshe kwa presha au kuna njia nyingine?

Kivulini
Wakuu, habari za wakati huu. Naomba msaada kwa mwenye uzoefu na mapaa.

Nyumba yangu imeezekwa kwa vigae vya saruji. Upande mmoja, ule ulioinamiwa na mti mkubwa wa uani, umeota kigoga, yale majani laini ya kijani yanayoshika kwenye mawe na kuta zenye unyevu. Kilianzia kwenye maungio, sasa kimeshapanda juu ya vigae vyenyewe, na mvua ikinyesha vipande vinaporomoka na kuziba mfereji. Upande wa pili unapigwa na jua mchana kutwa na ni safi kabisa. Vigae ni vilevile na viliwekwa kwa wakati mmoja.

Fundi mmoja kaniambia dawa yake ni mashine ya presha, halafu nipige rangi. Kabla sijakubali nataka kujua: presha haiharibu vigae? Na nikishasafisha, nifanye nini kisirudi? Pia maji ya paa hili tunayakinga kwenye tangi na kuyatumia ndani, kwa hiyo dawa yoyote itakayomwagwa juu inanipa wasiwasi.

Mpita_Njia
Presha tu mkuu, utaliona paa jipya. Au mwagia maji ya klorini, baada ya siku chache unakuta kimekauka.

Mkono_wa_Paa
Mkuu Kivulini, presha usikubali. Mimi kazi yangu ni kuezeka na kukarabati mapaa, na kigae cha saruji kilichopigwa presha nakitambua kwa kukigusa tu: ukipitisha kiganja kinakwaruza, mchanga unabaki mkononi. Kigae kizima kina tabaka laini la saruji kwa juu. Presha inalichubua, chembe za mchanga zinabaki wazi, kigae kinaanza kunywa maji kuliko zamani na kigoga kinapata pa kushika vizuri zaidi. Kwa hiyo paa linapendeza kwa muda, kisha uoto unarudi kwa kasi. Vile vigae vya lami vyenye changarawe juu ndivyo vinavyoumia zaidi, kwa sababu ile changarawe ndiyo kinga yao dhidi ya jua na presha inaing'oa. Halafu kuna suala la mwelekeo. Vigae vimepangwa vipokee maji yanayoteremka. Mtu akisimama chini na kurusha maji kuelekea juu, yanaingia chini ya vigae hadi kwenye mbao na dari.

Kuhusu kisirudi, sababu umeshaiandika mwenyewe: upande wa mti umeota, upande wa jua ni safi. Kigoga hakina mizizi kama mimea mingine. Kina vinyuzi vya kujishikiza tu, na maji kinayapata kwa majani yake moja kwa moja, yawe ya mvua, umande au ukungu. Kinaweza kukauka ukadhani kimekufa, kikilowa tena kinaendelea kukua. Mbegu zake, yaani spora, ni vumbi linalopeperushwa na upepo, kwa hiyo huwezi kuzizuia zisitue kwako. Unachoweza kuzuia ni paa kukaa bichi muda mrefu.

Ndiyo maana kazi ya kwanza iko kwenye mti. Punguza matawi yanayolifunika paa, jua lipite na upepo upite. Siyo lazima uukate wote, na mimi nisingependa uukate, kivuli cha uani ni kitu kizuri. Lakini tawi linaloning'inia juu ya vigae linaendelea kudondosha maji hata mvua ikishakatika, na majani yake yanaozea kwenye maungio na kugeuka udongo. Huo udongo ndio unaonikera mimi kuliko kijani kinachoonekana. Inua kigae kimoja cha safu ya chini utazame pale kinapolaliwa na mwenzake. Utakuta utepe wa tope jeusi lenye vinyuzi vya kigoga, limelowa hata kama juu kumekauka. Maji yaliyopaswa kuteremka yanakwama hapo, yanarudi nyuma ya ukingo wa kigae na kudondokea kwenye papi, zile mbao nyembamba zinazobeba vigae. Mwenye nyumba anaona doa kwenye dari, anadhani kigae kimepasuka, anatafuta ufa ambao haupo. Na kwenye nchi za baridi kali, maji hayo yakiganda hutanuka na kuinua vigae au kuvipasua.

Ukishapunguza matawi, subiri siku kavu. Kigoga kikavu hubanduka kwa vipande, na paa kavu halitelezi. Ondoa mabonge kwa kibao au plastiki ngumu, kisha sugua kwa brashi ya nailoni kutoka kileleni kuteremka, kamwe usisugue kwenda juu. Mfereji usafishe mwisho. Kabla ya yote, chomoa bomba linalopeleka maji kwenye tangi.

Ngazi isimamishe kwa kipimo hiki: kila mita 4 za kwenda juu, mguu wake uwe mita 1 kutoka ukutani, na juu izidi ukingo wa paa kwa mita 1 hivi. Kama paa ni la mwinuko mkali, mwachie fundi mwenye mkanda na kamba. Hakuna kigae chenye thamani ya mgongo wako.

Ndugu Mpita_Njia, klorini inaua kijani, kweli. Lakini inakula bati na misumari na kuunguza mimea iliyo chini, na kwa anayekinga maji siishauri kabisa. Anayeitumia kwingine asiichanganye na siki, asidi wala amonia; inatoa gesi ya sumu. Siki na chumvi navyo viacheni jikoni: asidi ya siki inakula saruji, chumvi inakula chuma.

Kivulini
Mkuu, nashukuru sana kwa kunielewesha. Nimepanda ngazi nikainua kigae, na tope ulilolisema lipo vilevile. Ila nimeona kitu kingine. Chini ya bati linalozunguka bomba la kutolea hewa, upande huohuo wa kivuli, kuna mstari msafi usio na kigoga, unateremka hadi kwenye mfereji. Kwa nini pale tu?

Mkono_wa_Paa
Hiyo ni zinki. Bati la namna hiyo limepakwa zinki lisishike kutu. Kila mvua ikipita juu yake inayeyusha kiasi kidogo sana na kuteremka nacho, na kigoga hakivumilii zinki. Shaba inafanya kazi hiyohiyo kwa nguvu zaidi. Kwenye mapaa ya mabati yenye zinki isiyopakwa rangi utaona kigoga ni nadra.

Mafundi wanaitumia makusudi. Utepe wa zinki unafungwa chini ya kofia ya paa, yaani kifuniko cha kileleni, kiasi cha sentimita 5 hadi 10 kikiachwa nje, na mvua inafanya kazi yenyewe kwa miaka. Lakini hauondoi mabonge yaliyokwisha kuota, unazuia mapya, na nguvu yake hupungua kadiri unavyoteremka, kwa hiyo paa refu huhitaji utepe mwingine katikati. Shaba usiiweke mahali ambapo maji yake yatapita kwenye bati, mfereji wa zinki au wa alumini. Itautoboa.

Kwa paa lako nisingeweka utepe wowote kwa sasa. Mnatumia maji hayo, na metali hizi zikifika kwenye bwawa au kijito hudhuru samaki. Anza na mti na brashi, uone.

Tangi_Langu
Naongezea upande wa maji. Ukimaliza kusugua, usirudishe bomba siku hiyohiyo. Acha mvua nzuri kadhaa zisafishe paa kwanza, kisha ndiyo uunganishe. Na kama huna kifaa cha kumwaga maji ya mwanzo ya kila mvua, kiweke, maana vumbi, kinyesi cha ndege na vipande vya kigoga vinakuja na maji hayo ya mwanzo. Ya kunywa endelea kuyachemsha.

Bawaba
Nadandia hapohapo. Paa letu ni la zamani, ni yale mawimbi ya kijivu, si bati wala vigae, nalo limejaa kijani. Nalo tulisugue kwa brashi?

Mkono_wa_Paa
Bawaba, simama kwanza, tafadhali. Mawimbi ya kijivu ya zamani yanaweza kuwa ya saruji yenye asbesto. Usisugue, usipige presha, usitoboe na usipande. Linapokaa zima nyuzi zake zimeshikwa na saruji. Ukilikwaruza zinaruka hewani, na Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani. Tena likizeeka huwa dhaifu, mtu anaweza kutumbukia ndani akidhani amekanyaga pagumu. Kata matawi yaliyo karibu bila kuligusa, na utafute mtaalamu alipime kabla ya mtu yeyote kupanda.

Kivulini
Na rangi je, mkuu? Fundi anasisitiza.

Mkono_wa_Paa
Rangi haizuii kigoga kama kivuli na majani bado vipo, na ikipigwa juu ya mabaki ya kigoga inabanduka nayo. Kama unaitaka kwa urembo, pima kwanza: ukishapogoa na kusugua, acha msimu mmoja wa mvua upite. Upande ule ukikauka sawa na upande wa jua, paka, lakini hakikisha fundi hazibi kwa rangi ile mianya ya kwenye mapishano ya vigae, maana paa linapumulia hapo.

Kivulini
Sawa. Mkataji matawi anakuja Jumamosi, yule wa presha nimeshamwambia asije.