Deki: tambara, mopu au ndoo ya kukamulia? Ipi inakupa raha?

MtotoWaTanga
Wadau, habari za jioni. Nimekulia nyumba ya sakafu nyekundu, ile ya saruji iliyopakwa rangi, na deki ilikuwa kazi niliyoipenda kuliko zote. Unaanzia chumba cha ndani, unarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, ukiinua kichwa sakafu yote inang'aa. Sasa nipo Dar, nyumba ya vigae, nimenunua mopu, na ile raha sijaiona tena. Vikikauka vinabaki na michirizi. Wenzangu mnatumia nini?

Bi Mkubwa
Mwanangu, rudi kwenye tambara. Chukua fulana kuukuu ya pamba, ikamue mpaka isidondoshe hata tone. Mkono unahisi chembe ya mchanga ambayo mopu inaisukuma tu kutoka pembe hii kwenda ile. Mimi nikimaliza nafukiza udi, nafungua madirisha, naketi. Saa hiyo siitaki hata simu.

Kiuno Kigumu
Shikamoo Bi Mkubwa. Tambara ni zuri, ila sisi wenye maumivu ya mgongo hatuliwezi. Nimetumia vyote vitatu, na kwangu ndoo ya kukamulia imeshinda kwa sababu mopu inatoka karibu kavu. Mopu ya kawaida unaikamua kwa mkono, inabaki na maji mengi, ndiyo maana vigae vinachelewa kukauka.
Lakini ndugu yangu wa Tanga, michirizi hiyo naona inatokana na sabuni nyingi. Fagia kwanza. Weka sabuni kidogo sana, halafu pitisha maji matupu mara ya pili, na ubadilishe maji kila chumba. Maji yakishakuwa meusi unapaka uchafu, hupigi deki. Na usichanganye jiki na siki wala dawa ya choo yenye asidi, inatoka gesi ya klorini inayoumiza mapafu.

Chelewa
Mimi ndani nafanya kwa wajibu. Raha yangu ni uwanja, alfajiri, kabla jua halijachomoza. Nanyunyiza maji kwa kopo vumbi litulie, naushika ufagio wa chelewa, na mchanga unabaki na mistari kama umechanwa kwa kitana. Mtu wa kwanza kupita ninamtambua kwa nyayo zake.

Bi Mkubwa
Marahaba, Kiuno. Hilo la maji mawili ni kweli kabisa.

MtotoWaTanga
Ahsanteni sana. Shikamoo Bi Mkubwa. Jana nimejaribu: tambara sebuleni na chumbani, mopu jikoni na barazani, sabuni kidogo, maji mawili. Usiku nikazima taa ya sebule nikaacha ya barazani, mwanga ukalala juu ya vigae bila mchirizi hata mmoja. Nimesimama pale mlangoni kama zamani. Imebaki mipaka ya vigae chini ya jiko, mafuta yameng'ang'ania. Nani ana dawa yake?